Uvimbe Usioua na Dawa Ichelewayo Kudhuru

Masala ninayoyaandika humu niliulizwa na watu wawili siku moja, baba na mwanawe, nao hawakuwa wamepatana kabla ya kunijia. Baba ni fundi wa majahazi, mtu wa makamo yangu, tuliosoma chuo kimoja tukiwa watoto. Mwanawe ni kijana wa miaka 24, ana mke, hana mtoto bado. Kijana huyu aliumwa na kiuno muda wa mwaka mzima, akadhani ni kazi ya kunyanyua mbao, akakandwa, akaumikwa, akanywa mizizi ya kila namna, na maumivu hayakupungua. Mwisho akapigwa picha, ikaonekana kuwa katika mfupa ulio chini ya uti wa mgongo, baina ya nyonga mbili, mna uvimbe uliokwisha kula sehemu kubwa ya mfupa ule. Kikatolewa kipande kidogo, kikatazamwa kwa darubini, na jawabu ikaja kuwa si saratani.

Baba akashukuru, akachinja mbuzi. Kisha akaambiwa maneno ya pili, kwamba huenda mwanawe akahitaji kutiwa mionzi, dawa ile ile watiwayo wenye saratani. Hapo furaha yake ikageuka shaka, akanijia baada ya sala ya alasiri, mwanawe yuko nyuma yake, akaniuliza: "Shehe, ikiwa si saratani, mbona achomwe kwa moto wa saratani? Na moto huo, je, wajuzu?" Nikamwambia nitamjibu. Wakaondoka wote wawili, na baada ya kitambo kijana akarudi peke yake na suali lililo zito kuliko la babake. Akasema: "Maalim, mgonjwa mwenzangu ameniambia kuwa mionzi yaweza kuniletea saratani yenyewe baada ya miaka kumi au zaidi. Daktari wa kwanza aliyeniona hakunitajia neno hilo. Je, nikikubali, kisha nikafa kwayo, nitakuwa nimejiua? Na yeye aliyenyamaza, hana neno?"

Sikumjibu siku ile. Mimi ni mtu wa vitabu vya fikihi, si mtu wa mifupa, na mwenye kuhukumu juu ya kitu asichokijua umbile lake ni kama hakimu aliyesikia shahidi mmoja akafunga daftari. Nikawaendea madaktari wajuao, nikauliza, nikaeleza nilichofahamu wakanisahihisha, kisha nikarejea vitabuni mwangu.

Natuanze na jina, kwani jina ndilo lililomdanganya baba. Uvimbe wa mwilini ni mafungu mawili. Liko fungu liingialo katika nyama ya jirani na kusafiri kwa damu mpaka kwenye viungo vya mbali, na hilo ndilo saratani. Na liko fungu likaalo mahali pake. Waarabu wa leo huuita uvimbe wa fungu hili la pili "hamidi", yaani wa kusifiwa, na ule wa kwanza huuita "khabithi". Aliyeusifu huu wa pili simjui, walakini nadhani hakuwa nao mwilini mwake. Kweli, katika mifupa mna uvimbe mwingi usiokuwa na dhara kubwa. Ule uonekanao zaidi kuliko wote ni kama pembe ya mfupa iliyovaa kofia ya gegedu, huota ujanani na kusita kukua pale mtu anapokoma kurefuka, na aghalabu dawa yake ni kuuacha. Uko mwingine mdogo sana, humwamsha mtu usiku kwa maumivu na kutulizwa kwa aspirini, nao siku hizi huunguzwa kwa sindano ipitishwayo mpaka ndani yake, mgonjwa akarudi kwake baada ya muda mchache. Huko hapana haja ya kutaja mionzi ya tiba, na mwenye kuitaja amekosea njia.

Uvimbe wa kijana huyu si katika hao. Wauita uvimbe wa seli kubwa, kwa kuwa chini ya darubini huonekana ndani yake seli nene zenye viini vingi. Huwapata zaidi watu wa baina ya miaka 20 na 40, na hupenda ncha za mifupa mirefu, khasa kandokando ya goti na karibu na kiwiko cha mkono, na mara nyingine mfupa huu wa chini ya mgongo. Si saratani, lakini hula mfupa mpaka ukavunjika. Ukikwanguliwa waweza kurudi. Na katika watu wachache huonekana hata mapafuni, juu ya kuwa jina lake ni lile lile la kusifiwa. Basi mtu asiseme "usioua" akadhani amesema "usiodhuru". Kuua ni dhara moja tu katika madhara.

Dawa yake ya kwanza ni kisu. Ukiwa gotini, mpasuaji huufungua mfupa, akaukwangua ndani mpaka ukawa safi, akaujaza saruji ya mifupa, na wagonjwa wengi hurudi makazini kwao. Lakini mfupa wa chini ya mgongo si kama goti. Ndani yake hupita mishipa ya fahamu inayotawala kibofu, na haja kubwa, na mambo ya mume na mkewe. Mpasuaji aweza kuutoa uvimbe wote na kumwacha kijana hai, naye asijue tena mkojo wake unatoka lini. Mwenye kutawadha mara tano kwa siku hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Dawa ya pili ni sindano iitwayo denosumabu, iliyoruhusiwa huko Marekani kwa uvimbe huu mwaka 2013, kwa watu wazima na vijana ambao mifupa yao imekwisha komaa, ikiwa kisu hakiwezekani au kitawaharibu. Huuzuia uvimbe kula mfupa, na maumivu yakatulia. Ila yake ni kuwa ikiachwa, uvimbe mara nyingi huamka. Na ikitumiwa muda mrefu yaweza kuuharibu mfupa wa taya. Kijana huyu alikwisha chomwa sindano hizo, zikamfaa kwa muda, kisha ikambidi kuziacha kwa ajili ya taya hilo hilo, na uvimbe ukaanza tena. Ndipo ikatajwa dawa ya tatu, nayo ni mionzi.

Suali la baba ni jepesi, basi nalitangulize. Mionzi si moto. Ni katika jinsi ya nuru, illa haionekani kwa jicho, nayo hupenya nyama na mfupa, na katika kupita kwake hukata zile nyuzi zilizomo ndani ya seli ambazo kwazo seli huzaana. Seli iliyokatwa hivyo hufa pale itakapo kugawanyika. Mgonjwa hasikii kitu. Hulala kitandani dakika chache, kisha akainuka akaenda zake, wala hakubaki mwilini mwake mionzi ya kumdhuru mkewe au jirani yake. Na hata lau ingekuwa moto, kutia moto kwa ajili ya dawa hakukuharimishwa moja kwa moja. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupendezwa na tiba ya moto, na imepokewa vilevile kuwa jeraha la Saad bin Muadh lilitiwa moto. Wanavyuoni wakazikutanisha khabari hizi mbili, wakasema kuwa yajuzu kwa mwenye haja nayo, na si vizuri kwa mwenye kupata njia nyingine. Waarabu wa zamani nao waliiweka tiba ya moto mwisho wa dawa zote. Nami naona mahali hapo ndipo mahali pa mionzi katika uvimbe wa mfupa usio saratani: mwisho wa safu, si mwanzo wake.

Ama suali la mwana, halijibiki mpaka tujue khatari hii ilijulikanaje, na kisa chake chataka subira kidogo.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Mwaka uliofuata, 1896, daktari mmoja wa Vienna aitwaye Leopold Freund aliielekeza juu ya mgongo wa msichana wa miaka mitano hivi, aliyezaliwa na baka kubwa lenye nywele. Nywele zikadondoka, watu wakastaajabu. Kisha pakatoka kidonda kizito. Msichana yule aliishi mpaka akawa bibi kizee, na madaktari waliomtazama uzeeni mwake walimkuta na kovu lile na mgongo uliopinda. Natukumbuke kuwa baka la nywele haliui mtu. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kutibiwa kwa mionzi alikuwa mtoto ambaye hakuchagua, mwenye ila ambayo angaliweza kuishi nayo, na mionzi ikamwekea alama ya maisha yake yote. Simsemi vibaya daktari yule, kwani hakuna aliyekuwa akijua. Mwaka 1904 akafa huko Marekani Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliyekuwa akijaribia mionzi mikononi mwake. Akakatwa mikono, na saratani haikumwacha, na Edison akaiacha kazi hiyo kwa hofu.

Mfupa ulikuja kusimulia khabari yake kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1910 na 1920 wasichana wa New Jersey waliajiriwa kupaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu, ili zing'ae gizani, nao walikuwa wakiichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Waliambiwa kuwa rangi ile haina dhara. Radiamu ina tabia ya kufanana na chokaa ya mfupa, kwa hiyo mwili huipokea na kuiweka mfupani kama akiba. Taya zao zikaoza, na baadaye wengine wakaota saratani ya mfupa. Watano kati yao walishitaki mwaka 1927, na mwaka 1928 wakalipwa kwa sulhu, hali wengine wao hawawezi tena kusimama. Hapo watu walifahamu kuwa mfupa hupokea dhara kimya kimya na kulirudisha baada ya miaka.

Mwaka 1948 ndipo neno hili lilipoandikwa kwa habari ya tiba yenyewe. Madaktari watano wa New York, wa kwanza wao William Cahan, walitoa khabari ya wagonjwa 11 walioota saratani ya mfupa mahali palipopigwa mionzi, na miongoni mwao wamo walioanza kwa uvimbe wa mfupa usiokuwa saratani. Wakaweka masharti, ili mtu asiisingizie mionzi kwa kila balaa: ijulikane kuwa ugonjwa wa kwanza haukuwa saratani, saratani iote ndani ya mipaka ile ile iliyopigwa mionzi, uwe umepita muda mrefu, nao walisema usipungue miaka mitano, kisha darubini ithibitishe. Masharti hayo, ingawa yamerekebishwa, yangali yakitumika. Mimi, niliyezoea masharti ya mashahidi katika vitabu vyetu, nimeyapenda sana kwa uadilifu wake.

Haukupita muda, mwaka 1957, wakatokea Uingereza Court Brown na Doll na khabari ya wagonjwa zaidi ya 13,000 waliopigwa mionzi kwa ugonjwa wa kukauka uti wa mgongo, ugonjwa uumizao sana wala usiohesabiwa katika wenye kuua. Katika hao, saratani ya damu ilikuwa nyingi mno kuliko ipatikanavyo kwa watu wengine. Baada ya hapo nchi nyingi ziliurudisha nyuma mkono wa mionzi katika magonjwa yasiyoua.

Yapasa pia kusema kilichobadilika, kwani insafu yataka hivyo. Mashine za zamani zilikuwa na nguvu ndogo, na mionzi ya namna ile humezwa na mfupa kuliko nyama, kwa ajili ya chokaa iliyomo; basi daktari alidhani ametia kiasi fulani, kumbe mfupa umepokea maradufu. Mashine za kobalti zilizoanza kutibu watu huko Kanada mwaka 1951, na zile za umeme mkubwa zilizozifuata, hazina ila hiyo, na za leo huelekezwa kwa picha na hesabu mpaka zikauzunguka uvimbe na kuepuka vingi vilivyo pembeni. Kijana aliandikiwa grei 50, nayo grei ndicho kipimo cha mionzi, kwa grei 2 kila siku, siku tano katika juma, majuma matano. Kwa kiasi kama hicho, uvimbe wa seli kubwa huzuiliwa usikue kwa wagonjwa wanaokaribia wanne katika kila watano. Na wanaogeukiwa na saratani mahali pale, kwa mashine za sasa, ni wachache katika kila mia, ingawa si sifuri, na aghalabu hutokea baada ya miaka kumi au zaidi.

Basi hii ndiyo mizani: mkono huu, uvimbe usioua lakini utakaomlemaza, mkono huu, dawa iponyayo wengi, na kwa wachache hugeuka mauti yaliyocheleweshwa.

Nilipofika hapa nilidhani sitapata katika vitabu vyetu ila kanuni za jumla, kama ile isemayo kuwa dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Kumbe masala yenyewe yamo. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameyaeleza katika Minhaji, pale anapotaja uvimbe uotao mwilini, nao wenye kumsherehesha wamesema huwa mdogo kama dengu na huwa mkubwa kama tikiti. Nimeisomesha Minhaji miaka mingi, na mlango huo nilikuwa nikiupita mbio, nikiona ni mambo ya vinyozi na waumikaji.

Hukumu yake, kwa maneno yangu mimi, ni hii. Mtu mzima mwenye akili anayejitawala ana rukhsa ya kuukata uvimbe wake. Illa ikiwa kukata kuna khatari na kuacha hakuna, hapo hana rukhsa. Na ikiwa kote kuwili kuna khatari, hutazamwa: khatari ya kukata ikizidi, hana rukhsa, isipozidi, anayo. Ama mtoto na asiye na akili, baba au babu aweza kumkatia uvimbe wenye khatari kwa sharti kuwa khatari ya kuuacha ndiyo iliyozidi. Zikiwa sawasawa, mtu mzima ameruhusiwa kwa nafsi yake, na baba hakuruhusiwa kwa mwanawe mdogo. Na mtawala, katika yenye khatari, hakuruhusiwa kabisa, kwa kuwa jambo hili lataka kutazamwa kwa makini na huruma, na mwenye shughuli za nchi nzima hana nafasi ya makini hayo wala huruma ya mzazi.

Ajabu iliyoje hapa! Khatari ni moja, uvimbe ni mmoja, na hukumu zimekuwa tatu kwa kutazama ni nani anayesema "ndiyo". Imamu hakuuliza tu ni ngapi khatari ya huku na ngapi ya huku. Aliuliza pia mwili ni wa nani. Mwenye mwili amepewa upana ambao mwingine hapewi, hata akiwa baba yake mzazi. Na msichana wa Vienna, lau mambo yake yangalipimwa kwa mizani hii na watu wanaojua tunayoyajua leo, mkono wa baba yake ungalizuiwa.

Illa liko jambo moja ambalo wenye vitabu hivi hawakulikabili. Khatari waliyoipima ilikuwa ya siku ile au juma lile. Kisu kikikosea, damu humwagika mbele ya macho, na mkataji yupo, na mgonjwa yupo, na mashahidi wapo. Mionzi imeziachanisha khatari mbili. Khatari ya kuacha iko leo, nayo ni mguu unaokufa ganzi na kibofu kinacholegea. Khatari ya kutibu iko miaka kumi mbele, au ishirini, siku ambayo daktari amehamia mji mwingine au amekufa, na karatasi zimeliwa na mchwa, na mgonjwa mwenyewe amekuwa mtu mwingine, ana watoto wanaomtegemea. Anayesema "ndiyo" leo amsemea mtu wa miaka 40 ambaye bado hajakuwa. Je, dhara iliyocheleweshwa ni nyepesi kuliko iliyo karibu?

Wengi wetu huishi kama kwamba ni nyepesi. Akopaye kwa muda mrefu huona hakukopa. Mimi nasema uzito wa khatari haupungui kwa kuchelewa, maadamu mtu yuko wa kuifikia siku yake. Kwa hiyo umri waingia katika mizani, na yapasa uingie. Mzee wa miaka 75 ambaye mfupa wake wamuuma naye hawezi kisu, akatiwa mionzi, huenda ahadi ya deni lile ikaanguka baada ya kufa kwake kwa sababu nyingine. Huko Ujerumani wazee wengi hutiwa mionzi kidogo kwa maumivu ya kisigino na viungo, na katika nchi nyingi mtu aliyepasuliwa nyonga hupigwa mara moja tu, grei 7 au 8, ili mfupa usiote ndani ya nyama. Sitaki maneno yangu yawatishe watu hao. Kijana wa miaka 24 hali yake ni nyingine, na mtoto wa miaka 9 ni nyingine tena, kwa kuwa mbele yake pana miaka mingi zaidi, na kwa kuwa mionzi huweza kuuzuia mfupa unaokua usikue. Kwa mtoto, baba na asijikinge kwa kusema "nilimhurumia alivyolia usiku", mpaka awe ameuliza kisu, na sindano, na subira, akaambiwa kuwa zote hazifai.

Sasa kijana alisema: nitakuwa nimejiua? Nasema: hasha. Mwenye kujiua ni mwenye kuyakusudia mauti. Wewe umeikimbia dhara iliyo mbele yako na yenye dhana kubwa, ukaingia katika iliyo mbali na yenye dhana ndogo, baada ya kukosa njia ya tatu. Hali hii imo ndani ya rukhsa ya Imamu, wala si ukingoni mwake. Lakini kama uvimbe ungekuwa gotini na mpasuaji yupo, kisha ukachagua mionzi kwa kuchelea kovu au kwa kutaka wepesi, nisingekwambia hivi.

Limebaki suali lake la mwisho, nalo ndilo lililonikalia moyoni, la daktari aliyenyamaza. Simtaji, wala sikumuuliza jina lake. Nilipomweleza rafiki yangu mmoja katika madaktari, alimtetea mwenziwe kwa maneno yasiyo ya kupuuzwa. Akasema: mgonjwa akiambiwa "saratani" hasikii neno jingine, hukimbia, akaenda kwa waganga, akarudi baada ya mwaka miguu imekufa, na katika mia hawazidi wachache, je, huruma si kunyamaza? Nikafikiri juu ya maneno haya usiku mmoja, wala sikuyadharau, kwani nimewaona watu wetu wakikimbia hivyo.

Kisha nikakumbuka kazi ya baba wa kijana. Fundi ameunda jahazi, akalitia kalafati, akalipaka sifa likang'aa. Ndani pana ubao mmoja ulioingia mdudu. Leo jahazi halivuji. Huenda lisivuje kamwe. Majahazi mengi yenye ubao kama huo hufika Unguja na kurudi. Je, aweza kuliuza akanyamaza, kwa huruma ya kuwa mnunuzi ataogopa bahari? Hapana fakihi asemaye aweza. Amwambie ubao uko wapi, na mdudu ni wa namna gani, na majahazi ya jinsi hiyo hudumu miaka mingapi, kisha mnunuzi akikubali, bahari ni yake. Nilipomwambia baba mfano huu alinyamaza kidogo, akasema: "Na amwambie tena atazame ubao ule kila akilipandisha jahazi ufukoni." Akanifundisha jambo ambalo sikuwa nimelifikia. Kwani saratani ya namna hii ikionekana mapema, mkataji hupata nafasi. Na aliyetiwa mionzi bila kuambiwa akiumwa mahali pale baada ya miaka 12, atadhani ni kazi ya kunyanyua mbao, atakandwa na kuumikwa, kama alivyofanya mara ya kwanza. Kunyamaza kwa daktari hakukumnyima mgonjwa hiari yake ya leo peke yake. Kumemnyima macho ya baadaye.

Kwa hiyo nasema kuwa idhini iliyotolewa bila kuijua khatari ya miaka ya mbele ni idhini pungufu, na daktari anayejua akanyamaza amekhini amana, hata kama mkono wake ulikuwa hodari na mgonjwa akapona. Ama kumwogopesha, dawa yake ni namna ya kusema. Daktari aliyesema "katika mia ni wachache" na "tutakutazama kila mwaka" hakumwogopesha mtu. Aliyeficha, kisha mgonjwa akasikia kwa mgonjwa mwenziwe kwenye benchi, huyo ndiye aliyemwogopesha.

Niliwaita wote wawili nikawaeleza haya. Baba alitaka yeye ndiye atie sahihi, akisema mwana ni wake. Nikamwambia: miaka 24 umechelewa, mwenzangu; walaya yako juu ya mwili wake ilikwisha alipobaleghe na akili yake ikawa timamu, na kilichobaki kwako ni shauri na nauli. Alikasirika, kisha akacheka. Kijana akarudi kwa daktari mwingine pamoja na mkewe, akaomba aambiwe yote tena tangu mwanzo, mkewe asikie. Wakauliza habari ya kizazi, wakaelezwa. Majuma mawili baadaye akaanza, akamaliza siku zake 25, na sasa amelala usiku mzima mara nyingi kuliko alivyokuwa akilala.

Alipewa karatasi ya siku za kurudi kutazamwa. Miaka ya mwanzo ni mara nyingi kwa mwaka, kisha huachana, na mstari wa mwisho ulioandikwa humo ni wa miaka 20 mbele. Ameifanyia nakala mbili. Moja ameshika mkewe, na ya pili ameniletea mimi, nami nimeiweka katika sanduku pamoja na karatasi za wasia za watu wa mtaa.